Somo: Kupiga panorama ya bahari Malta na Gozo bila kuipinda

Panorama yangu ya kwanza ya maana, yaani picha pana ya kuunga fremu kadhaa, niliiharibia Dwejra, pwani ya magharibi ya kisiwa cha Gozo, Malta. Fremu moja moja zilikuwa safi. Nilipoziunga, anga likatoka na mabaka, hapa buluu nzito, pale jeupe, na bahari imeinama kama chai inayotaka kumwagika kwenye sinia. Kamera haikuwa na kosa. Nilikosea namna ya kugeuka.

Ukifika Dwejra leo, usilitafute lile tao la mawe la kwenye kadi za posta. Azure Window liliporomoka baharini tarehe 8 Machi 2017, siku ya dhoruba. Wengi walisikitika, nami pia, ila kwa panorama naona tumepata nafuu: zamani kila mtu alielekeza lenzi kwenye tundu lile moja, sasa unalazimika kuitazama ghuba nzima, pamoja na mnara wa mwaka 1652 na Fungus Rock ("Mwamba wa Uyoga"), mwamba wa mita 60 hivi ambao zamani ulilindwa kwa ajili ya mmea uliodhaniwa ni dawa. Mmea wenyewe wala si uyoga, jina tu.

Hatua ya 1: Chagua saa. Dwejra asubuhi jua liko mgongoni, jioni liko usoni. Desemba huzama kusini-magharibi, Juni kaskazini-magharibi, kwa hiyo picha ya mwenzako ya kiangazi haitakusaidia kupanga safari ya Krismasi. Mimi hungoja lizame, kisha nasubiri dakika 15 au 20 mwanga ulingane pande zote. Pale bustani ya Upper Barrakka, Valletta, mambo ni kinyume: unatazama kusini-mashariki ng'ambo ya bandari ya Grand Harbour, na mawe ya miji ya Birgu na Senglea huwaka rangi ya asali alasiri. Saa kumi jioni mzinga hulipuliwa chini yako. Usiwe katikati ya fremu, utashtuka.

Hatua ya 2: Pimamaji. Hapa ndipo panorama nyingi za bahari hufia. Ukiweka sawa kamera peke yake, kitako cha stendi kikabaki kimeinama, fremu ya kwanza itanyooka na ya nane itakuwa imelala. Sawazisha miguu ya stendi kwanza, ndipo ushughulikie kamera. Kisha zungusha toka mwanzo hadi mwisho bila kupiga, ukiutazama upeo wa macho. Upeo ukipanda au kushuka, rudi kwenye miguu ya stendi. Mlimani kosa hili hujificha, baharini halina pa kujificha.

Hatua ya 3: Funga kila kitu. Weka M, hali ya kupanga mwanga mwenyewe. Pima mwanga upande ulio mweupe zaidi, halafu usiguse tena: f/8, ISO 100, shata itakavyokuja. Fokasi iwe ya mkono, na rangi ya mwanga uichague mwenyewe badala ya kuiachia kamera. Filta ya polaraizi, ile ya kupunguza mng'ao, vua. Nguvu yake hubadilika kadiri unavyosogea mbali na jua, na hayo ndiyo yaliyokuwa mabaka yangu ya Dwejra.

Hatua ya 4: Simamisha kamera wima. Kwa lenzi ya 35mm kwenye sensa kubwa (full frame), kila fremu inakamata nyuzi 38 hivi. Geuka nyuzi 20 kila mara, fremu 8 zitakupa karibu nyuzi 180. Picha zilaliane kama mabati ya paa, ukibania, patavuja.

Hatua ya 5: Kitu cha karibu. Nyosha kidole gumba, funga jicho moja, geuza kichwa. Kidole kinahama mbele ya ukuta, sivyo? Uzio wa Barrakka utafanya hivyohivyo usipoirudisha kamera nyuma kwenye reli, kipande cha kuteleza kati ya kamera na stendi, ili mzunguko upite ndani ya lenzi. Juu ya majabali ya Dingli, mita 250 hivi kutoka baharini na kisiwa kidogo cha Filfla kikiwa mbali, usijisumbue.

Hatua ya 6: Piga na uunge. Piga picha ya kiganja mwanzo na mwisho ili ujue seti imeanzia wapi. Hugin ni programu ya bure na inatosha. Chagua mtandazo wa silinda (Cylindrical), weka alama kadhaa kwenye upeo wa macho uiambie programu kuwa ni mstari mmoja ulionyooka, kisha kata kingo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, nina simu tu. Nikae pembeni?
Hapana, ndugu. Ishike wima, funga mwanga na fokasi kwa kubonyeza skrini kwa muda, kisha izunguke simu. Wengi hunyoosha mkono na kuizungusha simu kama fagio. Iache ikae mahali pake, miguu yako ndiyo itembee.

Shikamoo mwalimu. Mashua yangu imetokea mara mbili, na nyuma ya moja hakuna mkia wa povu!
Marahaba mwanangu. Imesafiri kati ya fremu mbili. Kwenye Hugin ifute kwa maski katika fremu moja. Siku nyingine anzia upande wenye mashua, umalize haraka kabla haijahama. Mawimbi yakikatika, sogeza mshono uangukie kwenye mwamba.

Niko Tanga. Huko nako mnasubiri maji yajae?
Huku kupwa na kujaa hakuonekani sana, ni sentimita 20 hivi tu. Kwenu maji ya bamvua hupanda mita tatu au zaidi, kwa hiyo tazama jedwali la maji kabla ya kutoka nyumbani. Sisi tunachoangalia ni upepo. Majjistral, wa kaskazini-magharibi, ukivuma Dwejra, chumvi hujaa kwenye lenzi. Beba vitambaa viwili.

Naweza kuichapa kubwa kiasi gani?
Kwa kamera ya megapikseli 24, fremu 8 hizo hutoa upana wa karibu pikseli 18,000. Ukichapa kwa pikseli 200 kila inchi, unapata zaidi ya mita 2. Pima ukuta kwanza, kaka. Yangu ya Barrakka imeviringishwa juu ya kabati tangu mwaka jana.