Somo: Andiko la ruzuku ya afya na vijana, anzia zahanati

Habarini wadau. Wengi mmeniuliza namna ya kuomba ruzuku kwa asasi zinazofanya afya ya jamii na vijana, hasa tangu Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na miradi kibao ikafungwa. Sasa hivi waombaji ni wengi hela ni kidogo, kwa hiyo andiko la kopi pesti lenye "vijana ni taifa la kesho" halifiki popote. Twende taratibu.

HATUA YA 1: Makaratasi
Hapa sikai sana. Cheti cha usajili chini ya Sheria ya NGO Na. 24 ya 2002, na kumbuka marekebisho ya 2019 yalikiwekea cheti ukomo wa miaka 10, kwa hiyo angalieni tarehe. Ada na ripoti za mwaka kwa Msajili, hesabu zilizokaguliwa, TIN, akaunti ya benki kwa jina la asasi yenye watia saini zaidi ya mmoja (na wasiwe mume na mke jamani). Sisi wa Dodoma tuna nafuu, ukikwama kwenye mfumo wa usajili wa NGO, wizara inayosimamia NGO iko hapa hapa Mtumba, wenzetu wa Kigoma wanasafiri.

HATUA YA 2: Nenda zahanati kabla hujafungua kompyuta
Hapa ndo naomba mtulie. Karibu kila andiko ninaloletewa nisome linaanza na namba za taifa, kwamba utafiti wa afya wa 2022 ulionyesha asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata ujauzito. Ni kweli, ila namba hiyo kila mwombaji kuanzia Mtwara mpaka Kagera anayo na mfadhili keshaisoma mpaka amechoka. Asichokuwa nacho ni namba ya kata yako.

Andika barua kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, nakala kwa afisa maendeleo ya jamii, omba takwimu za zahanati za kata moja au mbili kutoka vitabu vya MTUHA (vile vya kumbukumbu za huduma za kila siku): wasichana wa chini ya miaka 20 waliohudhuria kliniki ya wajawazito mwaka jana ni wangapi, walioanza kabla ya wiki 12 ni wangapi, vijana waliokuja kupima VVU ni wangapi. Omba jumla tu. Majina ya wagonjwa usiyaguse, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo sio ustaarabu.

Alafu kaa na nesi umuulize kwa nini. Usimpe dodoso, piga naye stori. Unaweza kukuta tatizo sio elimu kabisa, binti anajua vizuri tu ila anaona haya kukaa benchi moja na shangazi yake, au huduma za kawaida zinaisha saa tisa na nusu na kijana wa bodaboda muda huo ndo yuko kazini. Hapo mradi umeshabadilika, ulikuwa unataka kuomba hela ya semina na fulana, kumbe kinachotakiwa ni huduma rafiki kwa vijana jioni mara moja kwa wiki, chumba chenye pazia, na mhudumu aliyefundishwa kutowagombeza. Sentensi moja ya hivyo ina nguvu kuliko kurasa tano za utangulizi.

HATUA YA 3: Tafuta mfadhili anayefanana na tatizo
Sio kila hela ni yako. Foundation for Civil Society wanatoa ruzuku kwa asasi za Tanzania lakini mkazo wao ni utawala bora na ushiriki wa wananchi, kwa hiyo ukienda na afya iendee kwa njia hiyo, mfano vijana kushiriki kamati za zahanati. Ubalozi wa Japani una ruzuku za ngazi ya jamii, hizo ni za majengo na vifaa, mishahara hawalipi, usihangaike kuiweka. Kanada wana mfuko wao wa miradi midogo ya wenyeji. Segal Family Foundation wanapenda asasi zilizoanzishwa na wenyeji wenyewe. Soma tangazo mpaka mwisho, sehemu ya wasiostahili isome mara mbili.

HATUA YA 4: Matokeo na bajeti
"Vijana 200 wamefundishwa" ni kazi uliyofanya. Tokeo ni kwamba wasichana wanaoanza kliniki mapema wameongezeka kutoka ile namba uliyoipata MTUHA, na mtaipima kwa kitabu kile kile.

Bajeti itoke kwenye shughuli, mstari kwa mstari. Mafunzo ya waelimishaji rika 30 kwa siku 2: nauli 10,000 x 30 x 2 = 600,000, chakula 8,000 x 30 x 2 = 480,000. Ukiandika "mafunzo 3,000,000" umepigwa chini. Na hela ya ofisi (kodi, umeme, mhasibu) iombe kwa asilimia wanayoruhusu, msione haya, asasi nyingi hukwamia hapo mradi ukiwa katikati.

Kalenda nayo. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, ukipanga mikutano ya kijiji Januari utaongea na mbuzi, watu wote wako shamba.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Mama Ima, Chamwino: Mwalimu shikamoo. Sisi ni kikundi tu tumesajiliwa halmashauri, sio NGO. Tunaruhusiwa?
Marahaba mama. Wachache wanapokea vikundi, wengi hapana. Njia rahisi ni kuingia chini ya asasi yenye usajili kama mshirika, ila muandikishane kabla, nani anashika hela na nani anaripoti. Na ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa vikundi usiichanganye na ruzuku, ule ni mkopo hata kama hauna riba, unarudishwa.

Kijana wa Kondoa: Kuna mshauri anasema atuandikie bure, tukipata tumpe asilimia 10. Vipi hapo mkuu?
Kataeni kaka. Hiyo 10 mtaitoa mstari gani wa bajeti? Mkaguzi ataiona. Mlipeni kwa kazi mtakayokubaliana, kutoka hela zenu wenyewe, na ubaki na andiko unaloweza kulitetea mwenyewe ukipigiwa simu.

Dada Rehema, Kongwa: Wafadhili wanataka tuchangie mradi na sisi hatuna hata mia.
Mnacho dada. Ukumbi wa kijiji mnaopewa bure, muda wa wanaojitolea, pikipiki ya katibu. Vipigie bei ya kawaida ya hapo kijijini, weka barua ya mtendaji kuthibitisha ukumbi na daftari la mahudhurio ya wanaojitolea. Usipandishe bei tu, ukumbi wa Kongwa hauwezi kuwa wa laki tano kwa siku.

Mzee wa Bahi: Tukishasaini mkataba tunaanza kazi moja kwa moja?
Subiri kidogo mzee wangu. Kanuni za NGO za 2018 zinataka mkataba unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Siku 10 zinaisha upesi, hasa mwenyekiti akiwa safari na muhuri uko kwake. Andaeni barua ya kuambatanisha mapema, siku ya kusaini mnajaza tarehe tu na kuipeleka.