Vigae vya Meno kwa Gereji na Kiwanda: Vitese Wiki Moja Kabla Hujalipa

Muuzaji yuko Dar es Salaam, gereji yako iko Iyunga, Mbeya. Katikati kuna zaidi ya kilomita 800 na mlima Kitonga. Mzigo ukishashushwa Mbeya ndipo ugundue haufai, hesabu ya kuurudisha itakukatisha tamaa, utaishia kuutandaza tu na kuvumilia. Kwa hiyo kazi yote ya kukagua inafanyika kabla ya malipo, na inafanyika kwenye sakafu yako mwenyewe, na dizeli yako, na jeki zako. Dukani kila kigae ni kizuri.

Nazungumzia vile vigae vya plastiki vyenye meno pembeni, vinavyoshikana kama vipande vya chemshabongo bila gundi. Saizi ya kawaida ni sentimita 50 kwa 50, unene milimita 5, 7 au 10. Nimevitandaza kwenye gereji za malori, kwenye viwanda vya mbao upande wa Mafinga na kwenye mashine za mpunga kule Igurusi. Mara ya kwanza niliharibu, nitasema chini.

Hatua ya 1: Jiulize kama eneo lako linavitaka

Meno hayazuii maji. Yanashikana, lakini maji yanapita, na yakishaingia chini hayana pa kutokea, yanaoza na vumbi lililopo. Kiwanda kinachomwaga maji sakafuni kila siku, iwe maziwa, juisi au machinjio, achana na vigae hivi kabisa. Tafuta epoksi, ile rangi nzito ya sakafu inayogandia kwenye zege, au vigae vya kauri.

Sehemu ya kuchomelea nayo iache zege tupu. Cheche ya grainda ikipita tu inaacha doa, lakini tone la chuma kilichoyeyuka linatoboa, na PVC, ile plastiki ya vigae vingi vya aina hii, ikiungua inatoa gesi ya asidi inayokaba koo. Wateja wengi hunibishia hapa kwa sababu wanataka sakafu yote iwe rangi moja. Ni fedha zao, ila mimi kona ya kuchomelea sitandazi.

Hatua ya 2: Kagua zege

Chukua mbao iliyonyooka ya mita 2, ilaze sehemu mbalimbali, angalia mwanga chini yake. Ukiona bonde la zaidi ya milimita 5, lizibe kwanza. Kigae juu ya bonde hucheza kila tairi likipita, na meno ndiyo yanayolipa.

Unyevu: kata nailoni ngumu sentimita 60 kwa 60, ibandike kwenye zege kwa selotepu pande zote nne, iache siku nzima. Ukifunua ukakuta matone au zege limekuwa jeusi, sakafu inapumua maji. Tukuyu hili ni la kawaida. Haimaanishi usiweke, kwa kuwa vigae hivi havina gundi ya kubanduka, lakini chagua vile vyenye mifereji chini ili hewa ipite, na ujiandae kuvifunua mara mojamoja.

Hatua ya 3: Omba vigae sita, si picha

Vinne utaviunganisha vipate mita moja ya mraba. Kimoja utakikatakata. Cha sita mwombe muuzaji akiandikie jina la bidhaa na tarehe kwa kalamu nzito, kisha kifungie kabatini. Muuzaji mmoja aliniambia, "Mkuu, hivi vigae ni jiwe, sampuli ya nini tena?" Nikamjibu kwamba basi jiwe halitaumia. Akataka nilipie sampuli, nikalipa. Hiyo ni hela ndogo kuliko zote utakazotoa kwenye kazi hii.

Hatua ya 4: Jua kimetengenezwa na nini

Kata kipande kidogo, kitumbukize kwenye ndoo ya maji. PVC inazama. Polipropilini, ile plastiki ngumu ya vigae vyenye matundu, inaelea. Vigae vya sponji vya vyumba vya watoto navyo vinaelea, na kuna watu wanaviuza kwa wenye gereji bila aibu. Mpira unazama pia kwa kawaida, ila utaujua kwa harufu yake ya tairi.

Sasa angalia pale ulipokata. Rangi iwe moja toka juu hadi chini. Ukiona vipovu, au chembechembe za rangi tofauti, humo kuna plastiki ya kurudiwa. Ya kurudiwa si dhambi, mimi nimeiweka stoo na imekaa vizuri, lakini isiuzwe kwa bei ya mpya.

Kunja kona mpaka igusane. Mstari mweupe unaobaki hata ukiachia unakwambia wamejaza chokaa nyingi. Hakikisha kwa mizani: kigae cha sentimita 50 kwa 50 chenye unene wa milimita 7, kikiwa hakina mifereji chini, kina ujazo wa sentimita za ujazo 1,750. PVC laini ina uzito wa takribani gramu 1.4 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo tegemea kilo 2.4 hivi. Uzito ukizidi sana hapo, unabeba chokaa. Wengi hudhani kigae kizito ndicho imara.

Hatua ya 5: Kitese

Hapa usiwe na haraka. Wiki nzima.

*Kemikali.* Kata vipande vya sentimita 10 kwa 10. Vipime, kisha kimoja kiloweke kwenye dizeli, kingine oili chafu, kingine oili ya breki, kingine maji ya betri. Kwa mizani mimi naenda kwa jirani anayenunua dhahabu ya Chunya, yake inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Anacheka kila nikimletea vipande vya plastiki. Baada ya siku saba futa, pima uzito, pima upana kwa rula, kunja kwa mkono. Maji ya betri kwa PVC huwa hayana neno. Dizeli ndiyo adui, kwa sababu inanyonya ule mchanganyiko unaofanya plastiki iwe laini, na kipande kinatoka kigumu na kimesinyaa. Kikisinyaa milimita moja tu katika sentimita 10, kigae kizima kitasinyaa milimita 5, na meno yataachia. Mpira wa kawaida unafanya kinyume, unavimba.

*Jeki.* Tuseme kitako cha jeki ni sentimita 10 kwa 10 na kinabeba tani 5. Hiyo ni kilo 50 kwa kila sentimita ya mraba, na hakuna kigae cha milimita 7 kinachotoka hapo bila alama. Weka bamba la chuma la sentimita 30 kwa 30 chini ya jeki, mzigo uleule unashuka hadi kilo 5.6. Jaribu vyote viwili usiku kucha, ondoa asubuhi, rudi kesho yake upitishe ukucha. Bila bamba utakuta shimo. Ukiwa na bamba na bado ukucha unakwama, kigae hicho ni cha ofisini. Muulize muuzaji kipimo cha ugumu kinachoitwa Shore A. Vigae vya karakana huwa karibu na 90 au zaidi.

*Kugeuza gurudumu.* Unganisha vile vinne, panda na foklifti yenye mzigo, kisha geuza usukani ikiwa imesimama palepale. Msokoto huo ndio unaong'oa meno, kuliko hata uzito. Kama unatumia toroli ya mapaleti yenye vigurudumu vidogo vya nailoni, ipitishe juu ya maungio mara hamsini. Mpe kijana kazi hiyo na soda.

*Doa la tairi.* Acha gari lililotoka safari limesimama juu ya kigae siku mbili. Kwenye rangi nyepesi utaona alama ya kahawia isiyotoka kwa sabuni wala petroli, kwa kuwa kemikali ya tairi imeingia ndani ya plastiki. Dawa yake ni kununua nyeusi au kijivu kizito tangu mwanzo.

*Utelezi.* Kwenye karatasi za bidhaa utaona herufi R na namba, kuanzia R9 hadi R13; namba ikiwa kubwa, utelezi ni mdogo. Inatokana na kipimo cha Kijerumani ambapo mtu anatembea juu ya ubao uliomwagiwa oili huku ukiinuliwa. Fanya chako: kigae juu ya ubao wa mita 1, mwaga oili kidogo, weka gambuti lenye mchanga kilo tano, inua ncha moja taratibu. Gambuti likikaa mpaka ncha ifike sentimita 33, hapo ni nyuzi 19 hivi, ambako R11 inaanzia. Kipimo chako si cha maabara, lakini kinatosha kulinganisha vigae viwili. Kisha paka tope la masika ukisafishe kwa ufagio. Nakshi za almasi zilizochongoka zinashika mguu vizuri, ila zinashika na tope. Visahani vya mviringo vinafagilika.

Hatua ya 6: Baridi na jua

Hapa ndipo nilipoharibu. Nilitandaza Julai, asubuhi, baridi ya kuvaa makoti mawili. Meno yalikuwa magumu, tukayagonga kwa nyundo ya mpira, na nikabana vigae mpaka ukutani ili pasionekane pengo. Nikasifiwa. Oktoba jua likaanza kuingia mlangoni mchana, na safu yote ya mbele ikavimba kama chapati kwenye kikaango. Lori lilipoingia, meno yakakatika.

PVC hutanuka si chini ya milimita 0.07 hivi kwa kila mita, kwa kila nyuzi moja ya joto. Gereji ya mita 12, tofauti ya nyuzi 20 kati ya alfajiri ya Julai na mchana wa Oktoba mlangoni: karibu milimita 17. Kwa hiyo acha pengo la milimita 10 kila upande, lizibe kwa skatingi. Vigae vikae ndani ya jengo siku nzima kabla ya kutandazwa. Na kwenye sampuli, kiache kimoja juani mchana kutwa, kipime kwa futi asubuhi na saa nane.

Hatua ya 7: Hesabu na oda

Vigae vinne kwa mita ya mraba. Gereji ya mita 12 kwa 8 ni mita za mraba 96, yaani vigae 384. Ongeza asilimia 5 ya kukata na akiba, agiza 404, vyote vya toleo moja, kwa sababu rangi ya toleo la pili haifanani. Usisahau vipande vya mteremko vya mlangoni. Bei uliyopewa uliza kama ina VAT na usafiri, au utashtukizwa.

Lori likifika, usianze kushusha. Toa kile cha sita kabatini. Chomoa vitano kutoka mapaleti tofauti, ukianzia ya chini, vipime uzito na unene, viunganishe na chako uone kama meno yanaingia. Niliwahi kupokea mzigo saa tatu usiku, dereva ana haraka ya kwenda Tunduma. Mkononi vigae vilikuwa vilevile, mizani ikasema kilo 1.75. Vilikuwa vya milimita 5 badala ya 7. Dereva alilala Mbeya.