Hesabu za dawa kwa mtihani wa leseni ya uuguzi: zisomee hivi

Wadogo zangu mnaojiandaa na mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, wengi wenu mnaanza kwa kukariri majina ya dawa. Mimi nawashauri muanze na hesabu. Kazi hii naifanya wodini hapa Mwanza, na najua kipimo kikikosewa anayeumia ni mgonjwa.

Hatua ya 1: Kila swali lipite njia moja

Jiulize mambo matatu: nimeagizwa kiasi gani, mkononi nina dawa ya nguvu gani, na iko katika ujazo gani? Kilichoagizwa kigawe kwa kilichopo, kisha zidisha kwa ujazo. Andika vizio kila mstari. Namba isiyo na mg au ml ni mtego unaojitegea mwenyewe.

Anza na rahisi. Mvuvi wa Igombe ana kichocho na uzito wa kilo 60. Prazikwanteli ni mg 40 kwa kila kilo, kwa hiyo mg 2400. Kidonge kina mg 600. Anameza vidonge 4.

Hatua ya 2: Kaa sana na artesuneti ya sindano

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi, maana malaria kali huku kanda ya ziwa utakutana nayo mtihani ukishaisha pia.

Mtoto ana kilo 14. Chini ya kilo 20 dozi ni mg 3 kwa kilo. Kuanzia kilo 20 ni mg 2.4. Huyu anapata mg 42, saa ya 0, ya 12 na ya 24.

Sasa shika kichupa cha mg 60. Weka ml 1 ya sodiamu baikaboneti iliyokuja nacho, tikisa mpaka maji yawe maangavu kabisa kama ya kunywa. Ukungu ukibaki, itupe. Kwa mshipa ongeza ml 5 za salaini: jumla ml 6, yaani mg 10 kwa kila ml. Mtoto wetu anachomwa ml 4.2, polepole. Kwa msuli unaongeza ml 2 tu: jumla ml 3, mg 20 kwa ml, naye anapata ml 2.1. Dozi ni ileile, ujazo umebadilika kwa sababu ya njia. Watahiniwa wengi huwa wamepiga hesabu vizuri kabisa, ila hawakusoma neno "msuli" kwenye swali. Ikishachanganywa itumike ndani ya saa 1.

Hatua ya 3: Likague jibu kabla ya kulichagua

Ukipata ml 42 za kumchoma mtoto, simama. Nukta imehama. Andika 0.5, usiandike .5, andika 5, usiandike 5.0. Mikrogramu 1000 ni mg 1.

Dripu haina maneno mengi: ml 1000 kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa ml, ni 1000 × 20 ÷ dakika 480, takriban matone 42 kwa dakika.

Hatua ya 4: Mgonjwa sahihi

Wodi za huku unaweza kukuta akina Masanja watatu. Usiulize "Wewe ndiye Masanja?", kwani mwenye homa ataitikia tu ndiyo. Mwambie akutajie mwenyewe majina yake kamili, kisha linganisha na chati. Maswali ya mtihani hupenda kupima hilo.

Hatua ya 5: Magneziamu salfeti

Mama ana kifafa cha mimba, unatakiwa kumpa gramu 4 kwenye mshipa. Ampuli ya asilimia 50 yenye ml 10 ina gramu 5. Vuta ml 8, ongeza maji ya sindano ml 12, unapata ml 20 za asilimia 20. Mpe polepole.

Kabla ya kila dozi ya kurudia angalia goti linaruka likigongwa, pumzi ni 16 au zaidi kwa dakika, na mkojo si chini ya ml 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Swali likisema pumzi ni 12, dozi haichomwi, unaita msaada. Akiacha kupumua, msaidie kwanza kupumua kwa ambu begi (mfuko wa kusukuma hewa kwa mkono), kisha kalsiamu glukoneti gramu 1, yaani ml 10 za asilimia 10, polepole kwenye mshipa.