Betri ya lithiamu ikianza kutoa moshi ndani ya Caravan: hatua ninazofuata nikiruka kutoka Arusha

Asubuhi moja pale Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha, mpakiaji mizigo alinijia na pawabenki mkononi. "Kapteni, hii ya mgeni inachemka. Niiweke wapi?" Nikamwambia aiweke kwenye podi, lile sanduku la mizigo lililo chini ya tumbo la Caravan, ndege yetu ndogo ya Cessna yenye injini moja, ili iwe mbali na abiria. Niliona nimefanya la maana. Tulipovuka ukingo wa bonde la ufa juu ya Manyara ndipo nilipojiuliza: hii kitu ikiwaka sasa hivi, nitafanya nini? Podi haifunguki kutoka ndani. Hakuna wa kuiona, hakuna wa kuimwagia maji. Safari yote iliyobaki hadi Seronera, ndani ya Serengeti, nilikuwa nanusa hewa kama mbwa wa polisi.

Haikutokea kitu. Tulipotua niliifungua podi mwenyewe, nikaikuta pawabenki imepoa, imevimba kidogo ubavuni. Tangu siku ile, betri nisiyoiona naiogopa kuliko ile iliyo miguuni pa abiria, na hatua zote ninazoandika hapa zimetokana na hofu hiyo. Nawaandikia marubani wenzangu wanaoruka peke yao bila mhudumu, wapakiaji, na waongoza watalii ambao mara nyingi ndio wanaokaa na wageni. Kitabu cha ndege yako na taratibu za kampuni yako viko juu ya maneno yangu.

Kwanza, inawakaje

Ndani ya betri ya lithiamu-ioni kuna seli, na ndani ya kila seli kuna tabaka mbili zinazotenganishwa na utando mwembamba wa plastiki. Utando ukitoboka, kwa sababu betri imeangushwa, imebanwa, imechajiwa kupita kiasi au imetengenezwa ovyo kiwandani, tabaka zinagusana na shoti inatokea humo humo ndani. Joto linalopatikana linaamsha kemikali, kemikali zinatoa joto zaidi, na seli moja inawasha jirani yake. Ndiyo maana moto wa betri unaweza kuzimika mbele ya macho yako, kisha ukarudi baada ya dakika chache. Moshi wake una sumu, ikiwemo monoksidi ya kaboni, na gesi zake zenyewe zinashika moto.

Kabla ya moshi mara nyingi kuna harufu: tamu tamu, kali, kama dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Mweleze kila mtu unayefanya naye kazi aijue harufu hiyo.

Hatua ya 1: Kagua kwenye mzani, si mlangoni pa ndege

Mizigo yetu tunaipima hata hivyo, kwa hiyo mahali pa kuuliza ni pale pale. Usimuulize mgeni kama ana "bidhaa za hatari"; atasema hana, na atakuwa anasema kweli kwa anavyojua yeye. Muulize kama ana pawabenki, droni, betri za akiba za kamera, sigara ya kielektroniki. Wapandaji mlima wanaotokea mji wa Moshi waulize pia taa za kichwani na betri zake.

Kipimo kinachotumika duniani ni wati-saa, yaani kiasi cha nishati ambayo betri inahifadhi. Mpaka wati-saa 100 abiria anaruhusiwa kubeba mwenyewe ndani ya ndege. Kati ya 100 na 160 lazima kampuni ikubali kwanza, na betri za akiba za ukubwa huo zisizidi mbili kwa mtu. Zaidi ya 160 haiingii na abiria. Kama imeandikwa mAh (miliampia-saa) tu, zidisha kwa volti kisha gawanya kwa 1,000. Pawabenki ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ni wati-saa 74, haina tatizo. Ya mAh 30,000 ni wati-saa 111, na hapo mgeni lazima aombe ruhusa. Betri ya droni ya DJI Mavic 3 ni wati-saa 77. Watu wa kupiga filamu za nyumbu ndio wenye mabetri makubwa ya kamera. Wapigie simu siku moja kabla, msije mkagombana asubuhi huku injini inasubiri.

Hapa kuna kichekesho cha mitaani kwetu. Utakuta pawabenki imeandikwa mAh 50,000, nyepesi kama kipande cha sabuni, imenunuliwa kwa bei ya chipsi mayai sahani mbili tatu. Namba hiyo ni ya uongo, kila mtu anajua, pengine hata muuzaji. Ila siwezi kumwambia abiria "nenda nayo kwa sababu nimeona imekudanganya." Iliyoandikwa zaidi ya kiwango naihesabu kama ilivyoandikwa, na isiyo na maandishi yoyote inabaki ofisini mpaka mwenyewe atakaporudi. Kuna walionuna. Wakanuna tu.

Kisha iguse. Iliyovimba, iliyopasuka, iliyolowa, au iliyo ya moto bila kuchajiwa haipandi, hata kama mwenyewe ni mkurugenzi. Gari la safari lililoacha simu juu ya dashibodi tangu Karatu linaweza kukuletea kifaa cha moto kwa jua tu. Kiweke kivulini, ukiguse tena baada ya dakika kumi na tano. Kikipoa na umbo lake ni zima, sawa.

Hatua ya 2: Betri za akiba zikae na mtu

Betri za akiba na pawabenki zinatoka kwenye mabegi ya podi na kwenye mizigo iliyofungwa nyuma ya wavu, zinakwenda kwa mwenyewe, kwenye mkoba ulio miguuni. Wapakiaji wengi bado wanafikiri kama nilivyofikiri mimi siku ile: kitu cha hatari kiende mbali. Waeleze kwa utulivu, maana kosa hilo linatokana na nia njema.

Mwaka 2010, tarehe 3 Septemba, ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, iliondoka Dubai ikiwa na shehena kubwa ya betri za lithiamu. Moto ulianzia kwenye mizigo, moshi ukajaa chumba cha marubani mpaka wakashindwa kuona vipimo vyao. Wote wawili walikufa. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2016, ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ilizuia betri za lithiamu-ioni kusafirishwa peke yake kama shehena kwenye ndege za abiria. Halafu Januari 2025, Busan, Korea Kusini, Airbus ya Air Busan iliungua ikiwa bado chini. Moto ulionekana kwanza kwenye kabati la mizigo la juu ya viti. Abiria walitoka wote, na Korea Kusini ikaagiza pawabenki zisikae tena makabatini. Caravan haina makabati hayo. Kabati letu ni ule wavu wa nyuma.

Ncha za betri za akiba zifungwe kwa tepu nyeusi ya umeme au kila moja iingie kwenye mfuko wake. Funguo na sarafu zisikae pamoja nazo.

Hatua ya 3: Maneno manne kwa abiria

Kabla ya kuwasha injini, nikishamaliza habari ya mikanda na milango, naongeza haya: usichaji pawabenki angani; kitu chako kikipata moto au kikinuka, sema mara moja; simu ikikuangukia kwenye reli za kiti, usisogeze kiti; chupa za maji zilizo mbele si za kunywa. Hilo la kiti linasahaulika sana. Kiti kinachoteleza kwenye reli kinaweza kuisaga simu kama kokwa, nawe umeshapata shoti uliyoitengeneza mwenyewe. Linatuhusu marubani pia: kishikwambi cha ramani ukikiacha kikiota jua kwenye kioo cha mbele huku kinachajiwa, wewe ndiye mwenye betri mbaya kuliko wote ndani ya ndege.

Kisha chagua mtu wako. Ukiwa rubani peke yako huwezi kugeuka nyuma ukamwagia maji. Mimi huangalia mwongoza watalii au askari wa hifadhi anayerudi kazini, nikamkalisha safu ya kwanza: "Ndugu yangu, moshi ukitokea nyuma wewe ndiye mkono wangu. Maji haya, mtungi ule. Mimi nitaendelea kurusha ndege." Hakuna aliyewahi kukataa, na karibu wote hunyoosha migongo.

Hatua ya 4: Vifaa

Mtungi wa haloni, gesi ya kuzimia moto, ndege inao tayari. Hakikisha sindano ya kipimo chake iko kwenye kijani na mtu wako anajua unavyochomolewa. Ongeza maji, angalau chupa nne za lita moja na nusu, zifungwe mahali zisiporuka ndege ikitikisika. Ongeza glavu za kuzuia moto.

Mifuko maalumu ya kufungia betri inauzwa kwa bei kubwa. Sina ugomvi nayo, ila ni ya kutumika baada ya kifaa kupozwa, na mtu asidhani akiwa na mfuko hahitaji maji.

Hatua ya 5: Moshi umetokea

Rusha ndege kwanza. Otopailoti kama ipo, mbawa sawa, kisha geuka kuelekea kiwanja ulichokichagua kabla hujapaa. Toa Mayday, wito wa hatari, redioni; weka 7700, namba ya dharura, kwenye transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada. Zima soketi za kuchajia. Wenye miguu karibu na moto wasogee, lakini si kundi zima kukimbilia mkiani. Caravan inahisi uzito wa watu wakihama.

Ukiona miali, mtu wako apige haloni. Miali itakufa. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanashusha pumzi na kurudi kukaa. Haloni inaua miali lakini haipozi seli, na seli zilizobaki bado zinachemka ndani kwa ndani. Maji yafuate papo hapo, yamwagwe juu ya kifaa chenyewe, mengi, bila kubana, na yaendelee kumwagwa hata baada ya moshi kupungua. Kama ni moshi tu bila miali, anza na maji moja kwa moja.

Mtu atakuuliza: maji na lithiamu si hatari? Lithiamu tupu ya maabara, ndiyo. Betri ya simu au ya kompyuta haina lithiamu ya aina hiyo, na kinachotakiwa ni kupoza. Maji yakiisha, soda, juisi, hata chai ya kwenye chupa ya mgeni vinafaa. Konyagi hapana.

Usitumie barafu kutoka kwenye kijokofu cha vinywaji, wala usikifunike kifaa kwa blanketi; vyote vinalifungia joto ndani. Na usikinyanyue. Kila ninapofundisha hili kuna kijana anayeuliza kwa nini tusikitupe dirishani. Kwa sababu itabidi akishike kitu kinachoweza kumlipukia kiganjani, akipitishe mbele ya uso wangu mpaka kwenye kidirisha changu kidogo, kisha akiachie kipeperuke kuelekea mkiani. Kiacheni sakafuni, mwagieni maji.

Kuhusu hewa: orodha za moto ndani ya ndege ndogo za Cessna kwa kawaida hutaka matundu ya hewa yafungwe moto unapowaka, yafunguliwe ukishazimwa ili kutoa moshi na gesi ya mtungi. Fuata ya ndege yako, na uijue kwa kichwa, kwa sababu kwenye moshi husomi.

Hatua ya 6: Wapi unatua

Ukiwa kabla ya Manyara, geuka kuelekea kiwanja cha hapo. Kiwanja kiko juu ya ukingo wa bonde na unakiona. Pagumu ni kati ya hapo na Ndutu, ukingoni mwa tambarare za Serengeti. Chini yako ni nyanda za juu za Ngorongoro, vilele vyake vinapita mita 3,000, na asubuhi nyingi wingu limelala juu yake. Usishuke kwa pupa ndani ya wingu hilo kwa sababu ya moshi. Ukishavuka, ardhi inafunguka yenyewe. Kama moto umezimwa na kifaa kinaendelea kulowa, nenda kiwanjani. Kama unarudi kila mara na maji yamekwisha, tambarare ya Ndutu isiyo na kichuguu wala nyumbu ni kiwanja tosha. Chuma kitatengenezwa.

Hatua ya 7: Baada ya kutua

Simamisha, zima injini, watu wote nje upande wa upepo unakotoka. Waliovuta moshi wapelekwe hospitali hata kama wanasema wako sawa. Sumu ya moshi huo inaweza kuwashika kifua baadaye. Kifaa kitolewe na mwenye glavu, kitumbukizwe kwenye ndoo ya maji, kikae mbali na ndege na mafuta, na mtu akilinde. Usikirudishe kwa mwenyewe, hata akilia picha zake za simba.

Andika taarifa siku hiyo hiyo kwa kampuni na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, na upige picha za sakafu, waya na zulia kabla ya kusafisha. Fundi aikague sakafu ile kabla ndege haijaruka tena, kwa kuwa maji yameingia chini ya mbao na kuna nyaya huko. Mtungi wa haloni uliotumika, hata kwa sekunde mbili, unabadilishwa. Chupa za maji zinajazwa upya.