Roketi ya maji: chupa ya soda, boksi na upepo wa Tanga

Roketi hii haina moto. Hewa iliyobanwa inayasukuma maji yatoke chini kwa kasi, nayo maji yanaisukuma chupa juu. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu ya Newton, mbele ya macho ya darasa zima. Baruti na mabomba ya chuma sivitaki kabisa kwenye klabu ya wanafunzi.

Hatua ya 1: Chupa

Tafuta ya soda, ya lita 2 au pungufu kidogo. Ya maji ya kunywa iache, maana haikutengenezwa kuhimili gesi. Igeuze: kitako chenye vijiguu vitano kwa kawaida ni cha kinywaji chenye gesi. Plastiki hiyo ni PET. Kiwandani huvutwa na kupulizwa mpaka molekuli zake zijipange, na hapo ndipo ukuta mwembamba vile unapopata nguvu.

Sasa pitisha kidole mwili mzima wa chupa. Palipokwaruzika ndipo mkazo unapojikusanya, kwa hiyo chupa yenye mikwaruzo haifai, na msasa usiuguse. Kisu cha moto nacho hapana: PET huanza kulegea kwenye nyuzijoto 70 hivi. Kumbuka pia kwamba ukuta wa silinda hubeba mkazo maradufu kwa kuizunguka chupa kuliko kwa urefu wake. Ndiyo maana ikizidiwa huchanika kwa urefu.

Hatua ya 2: Mapezi

Kata matatu kwenye boksi gumu la kaki. Kabla ya kukata, likunje kidogo kufuata mistari yake ya ndani, kisha likunje kuikata mistari hiyo. Umeona upande upi unakataa? Mistari itoke kwenye chupa kwenda nje, la sivyo pezi litalegea likipigwa na hewa. Lifunike lote kwa selotepu, maana boksi hunywa maji, kisha libandike karibu na mdomo wa chupa.

Hatua ya 3: Uzito kichwani

Bandika donge la udongo kwenye kitako, ambacho sasa ndicho kichwa, ulifunike kwa koni ya karatasi. Chupa ikiwa tupu, tafuta inapobaki sawa juu ya kidole, ufunge hapo kamba ya katani na kuizungusha juu ya kichwa chako. Ikitanguliza kichwa, iko tayari. Ikiyumba au kutanguliza mapezi, ongeza udongo: kitovu cha uzito (pale ulipofunga kamba) lazima kiwe mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa (pale ambapo hewa, kwa jumla, huisukuma roketi ikiwa angani), angalau kwa upana mmoja wa chupa.

Hatua ya 4: Kurusha

Maji theluthi moja. Yakizidi, hewa ya kuyasukuma inapungua. Yakipungua sana, hakuna kizito cha kutupwa nyuma. Ziba kwa kizibo cha mpira kilichopitishwa valvu ya tyubu ya baiskeli, ukikaze kwa mkono tu. Isimamishe kati ya matofali, vaeni miwani ya kukinga macho, pampu iwe na mpira mrefu. Geji ikifika bar 3 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa) kizibo hakijachomoka, acha kupampu na msubiri mbali. Asiinamie mtu.

Roketi yenye mapezi hugeuza kichwa kuelekea upepo unakotoka. Alasiri pale Raskazone, ufukweni Tanga, upepo unatoka baharini, basi rusheni asubuhi kukiwa shwari, au mrudi nyuma mbali na ufukwe, msije mkaifuata kwa ngalawa.