Kuchagua skana ya kusikilizia ndege za kijeshi

Skana ni redio inayopekua masafa mengi, moja baada ya jingine, kutafuta mazungumzo. Kabla ya kuuliza bei, fungua jedwali la masafa kwenye kijitabu chake. Ndege za kijeshi huongea zaidi kati ya 225 na 400 MHz, na hapo ndipo skana nyingi za bei nafuu zina pengo: zinaishia 174 MHz kisha zinarukia 400 na kuendelea. Maneno "bendi ya ndege" kwenye boksi yasikudanganye. Mara nyingi ni 118 hadi 137 MHz tu, za ndege za abiria.

Pili, lazima ipokee AM, namna ya kubeba sauti ambayo ndege hutumia, ndani ya masafa hayo ya 225 hadi 400 MHz. Yenye FM pekee itaonyesha kuwa mawimbi yamefika, lakini maneno ya rubani hutayapata.

Kasi nayo ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Chaneli zikipishana kwa hatua za 25 kHz, kuanzia 225 hadi 400 MHz kuna chaneli zipatazo 7,000. Skana inayopekua chaneli 100 kwa sekunde huchukua sekunde 70 kumaliza mzunguko, na rubani keshasema na kunyamaza. Kwa hiyo chagua yenye kumbukumbu kubwa: kila masafa utakayonasa yahifadhi, kisha pekua hayo tu.

Usilipie uwezo wa kidijitali kwa kazi hii. Mazungumzo yaliyosimbwa, au yanayohamahama masafa kama ya mfumo wa kijeshi wa HAVE QUICK, hakuna skana ya dukani itakayoyafungua. Na soma kwanza sheria za nchi yako. Kwingine kusikiliza tu ni kosa.

Antena fupi ya mpira inayokuja na skana ni ya kuanzia tu. Gawanya 7,500 kwa masafa ya MHz upate robo ya wimbi kwa sentimita, ndiyo urefu wa antena inayofaa: kwa 300 MHz ni sentimita 25. Iweke juu, nje, na kebo iwe fupi. Mawimbi haya huenda kwa mstari ulionyooka, hivyo ndege iliyo mita 10,000 angani huweza kusikika umbali wa kilomita 300, huku mnara wa kuongozea ndege unaoijibu, kilomita 40 tu kutoka kwako, usiusikie kabisa. Skana haina kasoro hapo.

Ukisikia muziki au mngurumo kila mahali, chomoa antena. Ukikoma, huenda stesheni ya FM ya jirani inaizidi skana nguvu: weka kichujio cha 88 hadi 108 MHz kati ya antena na skana. Usipokoma, kelele inatoka kwenye chaja au ndani ya skana yenyewe. Jaribu kwa betri.