Onja mchuzi kabla ya kufungua chupa

Nimeacha kuchagua mvinyo wa chakula cha usiku kwa kuangalia nyama au samaki. Onja mchuzi kwanza, ndipo uende kwenye kabati la chupa. Ukiwa na ukwaju au ndimu, toa mweupe wenye uchachu, kama ule wa zabibu za Chenin Blanc za Dodoma: uchachu wa chakula hufifisha ule wa mvinyo mdomoni, hivyo mvinyo wenye uchachu mdogo utakuwa na ladha kama ya maji. Mwekundu wenye ukakasi uwekee nyama choma. Mafuta na chumvi huulainisha. Mbinu hii hukwama kwenye pilipili nyingi, kwani mvinyo wa kileo cha asilimia 14 huzidisha ule moto. Hapo chukua mtamu kidogo, wa baridi kutoka kwenye friji.